Nimeuziwa begi la "kila kazi" kwa 185,000, mkanda umechomoka siku ya kwanza porini

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Nimesubiri wiki mbili nipoe, sijapoa.

Mwezi uliopita nilinunua begi la mgongoni katikati ya mji hapa Mwanza. Duka silitaji. Shilingi 185,000. Muuzaji alilirusha status akiliita begi la kila kazi: kuwinda, kupanda mlima, kuvua, kulala porini. Eti lita 70, haliingizi maji, lina fremu ya chuma ndani. Hiyo fremu nilimuuliza mara mbili. Akagonga mgongo wa begi kwa kidole, ko ko ko, "Kaka, hicho ni chuma." Nikalipa.

Kwangu begi ni kitendea kazi. Nawinda kwa leseni msimu ukifunguliwa, zaidi kanga na kwale. Miezi mingine nabeba mizigo ya wageni wanaokwenda hifadhi ya kisiwa cha Rubondo, au navuka ziwa hadi Ukerewe na jamaa zangu kuvua. Sina uwezo wa kununua mabegi matatu. Ndiyo maana neno "kila kazi" lilinivuta, na ndiyo maana limeniuma hivi.

Wiki ya kwanza nilivuka nalo kwenda Nansio, huko Ukerewe. Mawimbi yakarusha maji kidogo tu, nguo zote chepechepe. Kitambaa chenyewe kilistahimili, maji yalipitia kwenye zipu na kwenye matundu ya sindano. Zamani ungefunga nguo zako kwenye rambo mbili za plastiki ukalala usingizi, lakini rambo zimepigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo tunategemea begi lenyewe. Nikajisemea basi, nitalivumilia.

Halafu porini. Saa nne asubuhi, mgongoni nina maji lita 5, unga, sufuria, turubai la kulalia na kanga wawili. Kilo 15 hazifiki. Mkanda wa bega la kulia ukachomoka pale juu unaposhonewa, kitambaa kikabaki kinaning'inia na nyuzi zake. Bunduki iko bega la pili, mzigo wote ukanivutia upande mmoja, nusura nianguke na silaha. Wanaowinda wanajua hapo nilikuwa nimekaribia nini. Nilitembea kilomita saba hadi kwenye gari nimelikumbatia begi kifuani, na damu ya kanga imeshalowesha unga, maana humo ndani ni chumba kimoja tu. Begi la mwindaji linatakiwa liwe na nafasi kati ya fremu na mfuko, nyama ikae huko, isigusane na chakula wala blanketi.

Nilipofika nyumbani nilichukua wembe nikalipasua. Hicho "chuma" ni plastiki nyembamba kama kifuniko cha ndoo, imepachikwa katikati ya sponji. Mkanda umeshikwa na mstari mmoja wa cherehani. Begi la kubebea mzigo, mkanda wake huingizwa ndani ya mshono wa mgongo, kisha hukazwa kwa nyuzi nyingi zilizobanana mahali pamoja. Ukiligeuza unaziona, ukipapasa unazisikia kwa kidole. Nikauchoma ule uzi kwa kiberiti. Nailoni huyeyuka na kujikunja. Huu uliwaka ukawa majivu. Pamba! Mtu ameshonea mkanda wa kilo 15 kwa uzi wa kushonea sare za shule.

Nikachukua ndoo ya lita 20 nikaanza kumimina pumba za mpunga. Ndoo mbili zikaingia, ya tatu haikufika hata robo, begi likajaa pomoni, na mifuko ya pembeni nimeihesabu. Lita 45 hazifiki. Lita 25 na ushee nimelipia hewa.

Na mkanda wa kiunoni, jamani. Hapo ndipo uzito wa mzigo unatakiwa ukae, juu ya mifupa ya nyonga. Mikanda ya mabegani kazi yake ni kulizuia begi lisikuache mgongo. Bila fremu inayosimama, mzigo unalegea, unashuka, na mabega yanabeba kila kitu. Mkanda wa hili begi ni utepe tu, hauna sponji, ukiukaza unakukata tumbo. Halafu wanakuuliza "wewe ni mrefu au mfupi?" Urefu wa mtu unahusiana nini? Kinachopimwa ni mgongo, kuanzia mfupa unaotokeza chini ya shingo hadi usawa wa juu wa nyonga. Nina mdogo wangu mrefu kunizidi, mgongo wake mfupi kuliko wangu.

Nikarudi dukani na begi nililolipasua. Akanionyesha karatasi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia karatasi yako haikupi ruhusa ya kuniuzia plastiki ukaiita chuma, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa. Akabadilika. Akasema niongeze 40,000 anipe jingine, "hili ndilo la wawindaji wenyewe." Akashusha begi la mabaka ya kijeshi!

Mabaka, nchi hii! Agosti 2023 Jeshi liliwapa raia siku saba wasalimishe mavazi yanayofanana na sare zake. Mimi nipite kwenye kizuizi nimebeba bunduki, mgongoni mabaka, nimweleze askari kwamba dukani waliniambia ni ya wawindaji? Nikakataa. Akashusha la bluu. Sasa mbung'o huyo! Mbung'o, yule inzi wa porini anayeuma, anafuata bluu na nyeusi, ndiyo maana vitambaa vya mitego yake hushonwa kwa rangi hizo. Niliwahi kutembea Rubondo nyuma ya mgeni mwenye begi la bluu, wametanda juu yake, na waliokosa nafasi wakaja kwangu. Muuzaji anayeliita begi la porini hajui hata hilo? Nataka kahawia au kijani kilichofifia, rangi tupu. Hakuwa nalo.

Mnaotaka kununua, msilipe kabla halijapakiwa. Waambie walete katoni za maji, ziingie humo zifike kilo 15, ulivae, ukaze kiuno, utembee dukani robo saa. Akikataa, toka.

Jumatatu narudi pale na ndoo yangu na pumba zangu, nimimine mbele ya wateja wake mpaka hela yangu irudi. Aliyeuziwa begi hilohilo apige picha pale mkanda ulipochomokea aiweke hapa. Na anayemjua fundi wa kushona mikanda upya kwa uzi wa nailoni, awe Makoroboi au Igoma, anielekeze, maana msimu haunisubiri.