Mjadala: Kampuni ya magari iombe ruhusa kwanza, au dereva ndiye ahangaike kujitoa?

Swali ninalolileta kwenu linahusu magari mapya yenye laini ya simu ndani yake, yale ambayo humpelekea mtengenezaji taarifa za safari za dereva. Je, mtengenezaji awe huru kuzigawa taarifa hizo kwa kampuni za matangazo, kampuni za bima na madalali wa data (wanaokusanya taarifa za watu na kuziuza) mpaka mwenye gari atakapokataa, au asizigawe mpaka mwenye gari akubali? Sheria ya faragha ya California, ambayo kwa miaka kadhaa imekuwa kigezo kwa majimbo mengine ya Marekani, kwa kiasi kikubwa imefuata njia ya kwanza: kampuni inaruhusiwa kuuza taarifa za mtu mzima au kuzitoa kwa ajili ya matangazo, naye amepewa haki ya kujitoa. Msimamo wangu ni kwamba njia hiyo inamtwisha mzigo asiyestahili kuubeba.

Tuanze na yaliyoikuta Honda. Machi 2025, Wakala wa Ulinzi wa Faragha wa California ulitangaza kuitoza American Honda Motor faini ya dola 632,500. Suala hilo lilitokana na ukaguzi wa watengenezaji wa magari yanayounganishwa na intaneti, ingawa makosa yaliyotajwa yalihusu zaidi tovuti ya kampuni na namna ilivyowashughulikia wateja waliotaka kujitoa. Mteja aliyeomba taarifa zake zisiuzwe alipewa fomu iliyomtaka ajaze majina yake, anwani ya nyumbani, mji, jimbo, namba ya posta, barua pepe na simu, ilhali wakala huo ulieleza kwamba kwa kawaida vipengele viwili tu vingetosha kumtambua katika kumbukumbu za kampuni. Maana yake ni kwamba mtu asiyetaka kampuni imjue sana alilazimika kwanza kuiongezea ya kujua. Kwenye kisanduku cha vidakuzi, yaani mafaili madogo yanayomfuatilia mtu mtandaoni, kukataa matangazo kulihitaji hatua mbili, na kuyakubali tena kulihitaji kubonyeza mara moja tu. Aliyemtuma mwakilishi amwombee alitakiwa ajitokeze mwenyewe kuthibitisha kwamba kweli alimtuma. Zaidi ya hayo, Honda ilikuwa ikizipa kampuni za teknolojia ya matangazo taarifa za wateja bila kuweza kuonyesha mikataba yenye masharti ya kuzilinda.

Watetezi wa kampuni husema kwamba uhakiki wa namna hiyo humkinga mteja na matapeli. Hoja hiyo ina uzito pale mtu anapoomba nakala ya taarifa zake au anapotaka zifutwe, kwa sababu tapeli akikabidhiwa nakala hiyo anaweza kumdhuru mwenyewe vibaya, na kilichofutwa hakirudi. Kwenye kujitoa hali ni tofauti kabisa. Tuseme tapeli amefanikiwa kumtoa mtu kwenye orodha ya mauzo bila mwenyewe kujua: atakachokosa ni matangazo yaliyomlenga, basi. Ndiyo maana kanuni za California zinaruhusu uhakiki kwenye maombi ya aina ile ya kwanza na kuuzuia kwenye kujitoa, na kwa maoni yangu hilo ni jambo lililofikiriwa vizuri.

Hata hivyo, fomu ikiwa fupi namna gani, haimsaidii mtu asiyejua kwamba kuna kitu cha kujitoa. Machi 2024 gazeti la New York Times lilieleza habari za dereva wa Chevrolet Bolt, gari la General Motors, ambaye gharama ya bima yake ilipanda kwa asilimia 21. Alipoomba ripoti yake kutoka LexisNexis, dalali wa data anayeziuzia taarifa kampuni za bima, alipokea kurasa 258, na zaidi ya 130 kati yake zilieleza safari 640 ambazo yeye na mke wake walifanya katika miezi sita: saa ya kuondoka, saa ya kufika, umbali, mwendo kupita kiasi, breki za ghafla. Mtu huyu angejitoa lini, na kwa fomu ipi? Na mkewe je? Aliyetia saini karatasi za gari ni mmoja, lakini usukani hushikwa na mke, mtoto, jirani aliyeazimwa, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa. Kwangu mimi, hapa ndipo haki ya kujitoa inaposhindwa kabisa, kwa kuwa inamchukulia mnunuzi kana kwamba ana mamlaka ya kunyamaza kwa niaba ya kila atakayeendesha.

Hoja nyingine ni kwamba mapato ya data hupunguza bei ya gari. Maseneta Ron Wyden na Edward Markey waliandika Julai 2024 kwamba Honda ililipwa na Verisk, dalali mwingine wa data, dola 25,920 kwa taarifa za magari 97,000, yaani kama senti 26 kwa gari, na Hyundai ilipata takriban senti 61 kwa kila gari kati ya milioni 1.7. Kwa fedha kiasi hicho, sioni mnunuzi amepunguziwa nini.

Sikatai kwamba zipo taarifa ambazo gari linapaswa kuzituma. Gari likipinduka usiku barabarani, likapiga simu lenyewe na kueleza lilipo, hiyo ni huduma aliyoinunua mwenyewe, na inaweza kuokoa maisha. Tatizo ni taarifa hiyo hiyo kuvuka na kwenda sokoni. Kuitenganisha inawezekana: Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, katika kifungu cha 37, inataka ridhaa ya wazi kabla ya data ya mtu kutumiwa kibiashara, isipokuwa sheria nyingine ikiruhusu na mhusika awe amejulishwa.

Marekani yenyewe imekwisha kuitumia kanuni hiyo, ila kwa kampuni moja. Tume ya Biashara ya Shirikisho ilieleza Januari 2025 kwamba General Motors ilikuwa ikikusanya mahali gari lilipo, wakati mwingine kila baada ya sekunde tatu, na kuuza taarifa hizo bila ridhaa ya kutosha. Amri iliyokamilishwa Januari 2026 inaizuia kwa miaka 5 kuzipeleka kwa mashirika yanayotayarisha ripoti za watumiaji, kama LexisNexis, na kwa miaka 20 inaitaka ipate ridhaa ya wazi ya mteja kwanza, isipokuwa katika mambo kama dharura. Kampuni hiyo bado inauza magari na bado ina huduma zake za intaneti. Basi wenzangu mnaoona kwamba kuomba ruhusa kutaua biashara hii, naomba mnijibu: ni sababu gani inayofanya sharti linalowezekana kwa General Motors lisiwezekane kwa Honda, Hyundai na wengine waliobaki?