Duka dogo la nguo za kitenge katikati ya Nairobi: Biashara Street, Moi Avenue au Eastleigh?

uzi_na_sindano aliuliza:

Habari zenu. Natafuta ushauri wa mahali pa kufungua duka dogo la mashati na mikoba ya kitenge. Shati likifika mkononi likiwa tayari ni shilingi 1,050, nauza 1,500. Nimeonyeshwa chumba cha eksibisheni (duka kubwa lililogawanywa vyumba vidogo) cha futi 7 kwa 8 upande wa Moi Avenue, ghorofa ya kwanza. Kodi ni 28,000 kwa mwezi, na anayehama anataka gudwili ya 200,000. Wengine wananiambia Biashara Street ndiko kwa vitambaa, wengine Eastleigh. Mtaji wote ni 450,000. Wapi, na niangalie nini kabla ya kutoa pesa?

---

mpita_njia_254 alijibu:

Nairobi hununuliwa kwa mtaa. Anayetaka spika au kebo huenda Luthuli, spea za gari Kirinyaga Road, sufuria na masanduku ya bati Kamukunji, mitumba Gikomba. Mteja anafika akijua anachotaka, anauliza bei milango mitano, ananunua wa sita. Kwa hiyo usiulize tu mtaa gani una watu wengi. Uliza kama shati lako linastahimili kulinganishwa na la jirani kwa bei peke yake. Kama ni mshono na mkato unaokuuzia, kukaa katikati ya wauza vitenge ni kujitafutia ugomvi wa shilingi hamsini hamsini.

Biashara Street, hatua chache kutoka City Market, ni mtaa wa vitambaa, leso, vikoi na vifaa vya watoto wachanga. Maduka mengi pale ni ya familia zilizokaa miaka mingi, na wanaopita wengi wamekuja kununua kitambaa wampelekee fundi wao. Kuna hata Haria's Stamp Shop: jina la stempu, ndani vitenge na vikoi. Nenda kule ukanunue mali. Kuuza shati lililoshonwa tayari pale ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana.

Eastleigh ni jumla. Mtindo wake ulianzia Garissa Lodge mwanzoni mwa miaka ya 1990, vyumba vya kulala wageni vilipogeuzwa maduka, na mpaka leo hesabu yake ni ile ile: nafasi ndogo, mzigo mkubwa, faida nyembamba kwa kila kipande. Ukienda kununua, epuka Ijumaa adhuhuri, maduka mengi hufungwa kwa sala. Fika kabla ya saa tano au baada ya saa nane na nusu.

Moi Avenue inakufaa zaidi kwa nguo zilizo tayari, ila hiyo "ghorofa ya kwanza" ina maana kubwa. Simama chini kwenye ngazi saa saba mchana na tena saa kumi na moja na nusu jioni, siku ya kazi na Jumamosi. Hesabu kwa dakika 30 wanaopanda, si wanaopita barabarani. Halafu hesabu wanaoshuka na mfuko. Chumba cha mwisho kwenye kona hupata sehemu ndogo tu ya waliopanda, kwa sababu mtu husimama penye nguo ya kwanza iliyomvutia.

---

karatasi_kwanza alijibu:

Hapo kwenye gudwili ndipo watu huumia. Gudwili si amana. Analipwa anayehama, hairudi, na mara nyingi haionekani kwenye karatasi yoyote ya mwenye jengo. Ukifukuzwa mwezi wa tatu, huna wa kumdai.

Kwanza jua unapanga kwa nani. Eksibisheni nyingi ni duka moja kubwa lililokatwa kwa mbao na vioo na mpangaji mkuu, ambaye naye anamlipa mwenye jengo. Wewe ni mpangaji wa mpangaji. Mkataba wake ukimkataza kupangisha wengine, au akiacha kulipa kodi, nyote mnaweza kukuta kufuli asubuhi moja ilhali wewe hujadaiwa hata senti. Haki zako ziko kwa aliyekupangisha, mwenye jengo hana mkataba nawe. Kwa hiyo omba mambo matatu: nakala ya mkataba wa mpangaji mkuu (hasa ukurasa wa kipengele cha kupangisha wengine), barua ya idhini ya mwenye jengo inayotaja chumba chako kwa namba, na msako wa hati ya kiwanja kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa serikali ulioanza 2021, uone kama jina la anayejiita mwenye jengo ndilo lililosajiliwa. Akikuletea hadithi badala ya karatasi, ondoka.

Pili, muda wa mkataba. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji wa maduka, Sura 301, inamlinda mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka 5, au ule unaoweza kuvunjwa ndani ya miaka 5 kwa sababu isiyo kosa la mpangaji. Ukiwa chini ya ulinzi huo, notisi ya kupandisha kodi au kukutoa lazima iwe kwenye fomu maalumu na ikupe angalau miezi 2. Ukiipokea, una mwezi 1 wa kumjibu aliyeitoa kwa maandishi kwamba hukubali, na shauri lifike kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya tarehe ya notisi kuanza kazi. Ukikaa kimya, notisi inasimama. Ndiyo maana utaletewa mkataba wa miaka 5 na miezi 3. Hiyo miezi 3 haikuwekwa kwa ukarimu, imewekwa ikutoe nje ya sheria hiyo.

Mkataba ulipiwe ushuru wa stempu: asilimia 1 ya kodi ya mwaka ukiwa hauzidi miaka 3, asilimia 2 ukizidi. Kwa 28,000 kwa mwezi, mwaka ni 336,000, hivyo stempu ya mkataba usiozidi miaka 3 ni 3,360. Usiolipiwa haupokelewi mahakamani kama ushahidi.

Gudwili yenyewe, kama lazima ulipe: nusu uilipe siku ya kusaini mkataba *na anayekupangisha chumba*, nusu baada ya miezi 3. Karatasi ieleze unachonunua, kwa mfano rafu 6, kioo, taa 4 na meza. Na kodi uilipe kwenye akaunti iliyoandikwa ndani ya mkataba, usikubali kutumiwa namba ya simu ya "kijana wa ofisi".

---

hesabu_za_duka alijibu:

Tufanye hesabu yako. Faida ghafi ni 450 kwa shati. Mauzo ya mwaka yakizidi milioni 1 na kutozidi milioni 25, unaingia kwenye ushuru wa mauzo: asilimia 3 ya mauzo yote tangu Julai 2023, unalipwa kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Unakatwa kwenye bei, haujali umepata faida au hasara. Kwa shati la 1,500 ni shilingi 45, yaani sehemu ya kumi ya faida yako. Mteja akilipa kwa namba ya tili ya M-Pesa, makato ya muuzaji ya asilimia 0.55 yanakula kama 8 nyingine. Umebaki na 397.

Gawanya gudwili kwa miezi 24: 8,333. Jumlisha kodi, unapata 36,333 kwa mwezi. Hapo unahitaji mashati 92, ambayo kwa siku 26 za kazi ni matatu na nusu kila siku, kabla hujamlipa msaidizi, stima, kibali cha kaunti, wala wewe mwenyewe. Ukitaka kubaki na 30,000 juu yake, ongeza mengine 76. Kwa shati moja kwa bei moja, hiyo ni kazi. Ndiyo maana mkoba una umuhimu: unatoka kwenye mabaki ya kitambaa ambacho shati limeshakilipia.

Kibali cha biashara kiwe ukutani siku ya kwanza. Kanjo, askari wa kaunti, hawangoji ufunguzi rasmi.

Na tili: soma ujumbe wa malipo kwenye simu *yako*. Ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mteja unaweza kuwa umeandikwa jana usiku.

---

fundi_wa_gikomba alijibu:

Wote wamezungumzia chumba, hakuna aliyegusa kitambaa, na duka la kitenge huuawa na kitambaa.

Chomoa uzi mmoja pembeni, uwashe. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini ya kijivu yanayopeperuka. Poliesta hujikunja, hutoa moshi mweusi na kuacha kishanga kigumu. Chomoa wa urefu na wa upana, maana kuna vitambaa vilivyochanganywa upande mmoja. Kisha geuza: kitenge cha nta hung'aa karibu sawa pande zote mbili, cha kuchapwa upande mmoja kina mgongo uliofifia. Si vibaya kuuza cha pili, ila usikiuze kwa bei ya cha kwanza. Mwisho, lowesha kitambaa cheupe na usugue mara 20 penye rangi nyekundu au buluu. Ikishika, shati hilo litaharibu nguo za mteja na jina lako.

Loweka mali yote kwenye maji baridi usiku kucha kabla ya kukata, anika kivulini. Pamba inaweza kuingia asilimia 4 hivi, na kwenye kipande cha yadi 6 hizo ni inchi 8 na zaidi. Ukiruka hatua hii, kola ndiyo itakusema: kitambaa kigumu cha ndani kinachobandikwa kwa pasi hakiingii, cha nje kinaingia, na baada ya kufuliwa mara moja kola inafanya malengelenge. Mteja haelewi habari za maji. Anajua tu shati lilikuwa bovu.

Yadi 6 zenye upana wa inchi 45 hutoa mashati 3 ya mikono mifupi ya saizi ya kati, au 2 ya saizi kubwa sana na kubaki yadi 1 ya mkoba. Ukitaka ua la mfukoni likutane na la kifuani, na hapo ndipo shati la duka hutofautiana na la barabarani, usitegemee mashati 3. Bei yako ya 1,050 umeipata kwa mpango upi?

---

uzi_na_sindano:

Kwa mashati matatu, bila kulinganisha maua. Naona nirudie hesabu. Je, kuna njia ya kuanza bila gudwili?

---

mpita_njia_254:

Ipo: malikauli. Unaweka mashati 20 kwenye duka la mtu, analipa yakishauzwa. Duka la Spinners Web kule Kitisuru limejulikana kwa mtindo huo kwa kazi za mikono. Na kampuni ya Suave ilijijengea jina kwa mikoba ya mabaki ya nguo na vitambaa vya Gikomba, kwa hiyo soko la mkoba wenye asili ya hapa lipo. Anza na maduka matatu tofauti, miezi mitatu, uone ni saizi na rangi zipi zinazotembea kabla ya kufunga pesa kwenye mbao na vioo vya mtu mwingine.

karatasi_kwanza:

Malikauli nayo iandikwe. Namba ya kila kipande, bei ya kuuzia, sehemu ya mwenye duka, tarehe ya kulipana na tarehe ya kurudisha. Andikeni pia nani anabeba kilichoibiwa na kilichopauka dirishani, maana kitenge kinachoning'inia penye jua hupauka mstari wa begani kwanza, na hakuna atakayekubali kwamba lilikuwa dirisha lake. Nenda ukahesabu mwenyewe kila wiki mbili, usihesabiwe kwa simu.