Bendera ya Zanzibar: rangi zake zimetoka wapi, na kwa nini ina bendera ya Muungano kwenye pembe?

Mwalimu wa Uraia:
Ndugu zangu, ninaandaa somo la uraia kwa wanafunzi wa kidato cha pili. Bendera ya Zanzibar ina mistari mitatu ya mlalo, buluu, nyeusi na kijani kuanzia juu, na bendera ya Jamhuri ya Muungano imewekwa kwenye pembe ya juu upande wa mlingoti. Naomba kujua asili ya rangi hizo. Aidha, wanafunzi huuliza kama pembe ile ni alama ya kutawaliwa, na sipendi kuwapa jibu la mkato.

Mjukuu wa Pwani:
Rangi hizo ni za Afro-Shirazi Party, chama kilichoshika madaraka Zanzibar baada ya Mapinduzi. Wakati wa masultani bendera ilikuwa nyekundu tupu. Uhuru ulipopatikana tarehe 10 Desemba 1963, katikati ya wekundu huo kukawekwa duara la kijani lenye karafuu mbili za rangi ya dhahabu. Bendera hiyo ilidumu mwezi mmoja tu, kwa sababu Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliiondoa, na kabla mwezi huo haujaisha Zanzibar ilikuwa na buluu ya bahari, nyeusi ya watu wake na kijani cha ardhi.

Msomaji wa Alama:
Kuhusu pembe, Mwalimu, waonyeshe kwanza bendera ya Tanganyika ya mwaka 1961. Ilikuwa na kijani, nyeusi na dhahabu, bila buluu hata kidogo. Nchi mbili zilipoungana tarehe 26 Aprili 1964, buluu ya Zanzibar iliingizwa katika bendera mpya, na ule mstari mweusi wenye kingo za dhahabu ukalazwa mshazari, kutoka chini penye mlingoti hadi juu upande wa pili, kijani kikabaki juu yake na buluu chini. Kwa hiyo anayeitazama pembe ile akaona Bara peke yake hajaitazama vizuri, kwani Zanzibar nayo imo humo. Kwa maoni yangu mshazari ule ulikuwa uamuzi wa busara, maana mistari ya mlalo ingezipanga rangi za washirika wawili moja juu ya nyingine.

Binti Unguja:
Nakubaliana na ndugu Msomaji, ila wanafunzi wasifichwe kwamba baada ya Muungano Zanzibar ilikaa miongo minne bila kupeperusha bendera yake yenyewe, hadi Januari 2005. Ndiyo maana kwa Wazanzibari wengi bendera hii ina uzito mkubwa, na swali la wanafunzi ni la haki kabisa. Mimi binafsi nasikitika kwamba karafuu haikurudi, kwa kuwa ndilo zao lililoijenga Unguja na hasa Pemba. Hata hivyo, haikupotea katika alama za taifa: katika Nembo ya Taifa, miguuni pa mwanamume na mwanamke walioishika ngao, pamechorwa mkarafuu na mpamba. Mwalimu, wape wanafunzi penseli za rangi wachore bendera ya Tanganyika, ya Zanzibar ya 1964 na ya Muungano kwenye ukurasa mmoja, kisha wafuatilie kila rangi ilikotoka.