Mtoto wa PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) mwenye mahitaji maalum: wa kaunti au wa serikali kuu?

Mwalimu wa chekechea, Pwani:
Wenzangu, naleta hoja. Darasani nina mvulana wa miaka minne. Ukimwita hageuki, lakini ngoma ikilia nje huyo mlangoni. Nashuku masikio. Kituo cha tathmini, yaani EARC, kinakopimwa mtoto mwenye mahitaji maalum, ni kazi ya serikali kuu, na afisa wake ni mwalimu wa TSC, tume ya taifa inayoajiri walimu. Mimi mwajiri wangu ni kaunti. Someni Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010: chekechea ni ya kaunti, elimu maalum ni ya serikali kuu. Sasa huyu aliye vyote viwili? Anapigwa danadana. Mimi nasema tathmini ya PP1 na PP2, miaka yote miwili ya chekechea, ipewe kaunti, basi.

Mzazi:
Mwalimu, nakupinga. Mnakimbilia kupima! Wangu alichelewa kusema, na nyumbani sisi ni Kigiriama tupu. Aliyempima alimwonyesha picha, akamuuliza kwa Kiingereza. Mtoto kimya. Akaandikiwa akili nzito, na neno hilo likatutangulia kila shule tuliyokwenda. Leo anasoma magazeti. Kwanza tuambiane anapimwa vipi, ndipo tugombanie nani ampime.

Afisa mstaafu wa tathmini:
Mama, hapo uliumizwa, na si haki. Tathmini si mtihani wa asubuhi moja. Unaanza na masikio na macho, unamhoji mzazi, unamtazama mtoto akicheza na wenzake, tena kwa lugha ya nyumbani. Mtoto mwenye usaha sikioni utamwita mzito bure.

Mwalimu, nusu ya hoja yako naikubali. Afya imegatuliwa, kwa hiyo kliniki ya masikio na wataalamu wa tiba wako chini ya kaunti tayari. Lakini vituo vya EARC vipo tangu 1984, na uzoefu uko kwa walimu wa TSC. Ukivihamisha leo, nani atabaki na mtoto huyo akiingia darasa la kwanza, ambalo si la kaunti tena? Afadhali waketi meza moja, faili liwe moja.

Mwalimu wa chekechea, Pwani:
Mzee, la faili moja nimelichukua. Mama, nimekusikia pia. Sitaandika jina lolote, nitaandika ninachokiona tu. Nimemketisha mbele, namsemesha ana kwa ana. Kesho anapelekwa kliniki, nauli tumechanga walimu watatu. Ila bado nauliza: nauli hiyo ilikuwa ya bajeti ya nani?