Kingamwili ya E-kadherini: HECD-1, DECMA-1 au kloni 36?

Chembechembe:
Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri wa haraka, maana oda inafungwa Ijumaa na nimeruhusiwa kichupa kimoja tu. Nataka kuona E-kadherini, protini inayoshikanisha seli, kwenye seli zangu kwa kupaka kingamwili. Nimesoma hadi nikabaki na majina matatu: HECD-1, DECMA-1 na kloni 36. Zote ni kingamwili za monokloni, yaani kila moja imetoka kwa ukoo mmoja wa seli (kloni), na zote zinasifiwa. Ipi bora?

Dada_Hadubini:
Bora kwa kazi gani, ndugu yangu? Hujasema seli ni za mnyama gani. Hujasema kama ni hadubini, westani bloti (protini kwenye geli) au flosaitometria (kupima seli moja moja kwa mwanga). Hujasema unazikaza kwa formaldehidi au kwa methanoli. Na kingamwili ya pili uliyo nayo kwenye friji, ile yenye rangi inayoishika ya kwanza, inashika ya mnyama yupi? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

MtuWaGeli:
Kloni 36, na sibadiliki. Inashika mkia wa protini ulio ndani ya seli, na kwenye westani inanipa mstari safi kwenye kilodaltoni 120. Nimeitumia kwa filamu, nimeitumia kwa kamera, haijawahi kuniangusha.

Ngozi_na_Seli:
Mkuu, sema na upande wa pili. Kloni 36 inashika pia P-kadherini, protini ndugu ya E-kadherini, kwa sababu mikia ya hizo mbili inafanana sana. Sisi wa ngozi tunalijua hilo vizuri: safu ya chini kabisa ina P-kadherini tele, na mtu asiye mwangalifu anaihesabu yote kuwa E. Halafu mkia uko ndani. Kwa seli hai isiyotobolewa utando, kloni 36 haifiki popote.

Chembechembe:
Samahani wakuu, niliandika kwa haraka. Seli ni za epitheli ya tezi ya maziwa ya panya mdogo (mouse). Hadubini kwanza, westani baadaye. Baada ya miezi kadhaa nitakata na vipande vya tishu. Nakaza kwa formaldehidi. HECD-1 niliipenda kwa sababu naiona kwenye machapisho mengi.

Dada_Hadubini:
Basi HECD-1 iondoe leo hii. Ilipatikana kwa kumchanja panya mdogo ili ashike E-kadherini ya binadamu, na ya panya mdogo haiitambui. Ungekaa gizani mbele ya hadubini ukidhani seli zako zimepoteza protini. Machapisho uliyoyaona bila shaka yalitumia seli za binadamu kama MCF-7 au A431.

Kuna jambo jingine. HECD-1 na kloni 36 zote zimetoka kwa panya mdogo. Ukifika kwenye vipande vya tishu ya panya mdogo, kingamwili ya pili itashika pia kingamwili za mnyama mwenyewe zilizobaki kwenye damu na tishu, na picha yote itawaka. DECMA-1 imetoka kwa panya mkubwa (rat) na inashika E-kadherini ya panya mdogo. Kwako ndiyo hiyo.

Ngozi_na_Seli:
Naunga mkono, ila hakikisha kingamwili ya pili ya kushika panya mkubwa imechujwa isishike ya panya mdogo. Wanyama hao wawili ni ndugu wa karibu mno. Isiyochujwa itakurudisha kwenye tatizo lile lile.

Mzee_Tripsini:
Kabla hamjamaliza kumchagulia, nieleze yaliyonikuta, maana kloni nzuri haimwokoi mtu aliyeharibu protini mwenyewe.

Nilikuwa napima E-kadherini kwa flosaitometria, seli za panya mdogo kama zako, DECMA-1 hiyo hiyo. Seli nilizing'oa kwenye sahani kama kawaida, tripsini (kimeng'enya kinachokata protini) na EDTA (inayonyakua kalsiamu), dakika kumi. Kwenye grafu, mlima wa sampuli ukakaa juu ya mlima wa kontroli (sampuli ya kulinganishia), umefunikwa kabisa kama karatasi mbili zimepangwa. Nikarudia na kichupa kipya. Vile vile. Nikamwandikia muuzaji kwamba bidhaa yake imekufa. Nikaanza hata kuandika kwamba seli zimegeuka kutoka epitheli (zinazoshikana) kuwa mesenkima (zinazohama moja moja). Wiki tatu zilipita hivyo.

Siku moja nikapaka kingamwili kwenye seli zilizobaki zimelala kwenye kioo, bila kuzing'oa. Mpaka wa kila seli ukawaka, mstari mwembamba wa kijani kama wavu wa samaki. Protini ilikuwepo muda wote! Sehemu ya nje ya kadherini hukazwa na kalsiamu. EDTA ikiinyang'anya kalsiamu hiyo, protini inalegea na tripsini inaikata vipande. Maabara ya Masatoshi Takeichi nchini Japani ilionyesha jambo hilo tangu miaka ya 1970: kalsiamu ikiwepo, tripsini haiigusi. Siku hizi natumia tripsini asilimia 0.01 pamoja na kalsiamu milimola 2, bila EDTA. Seli zinatoka kwa makundi, inabidi uvumilie, lakini protini inabaki.

Na hata kwa hadubini, oshea maji ya chumvi yenye kalsiamu. Ukiosha kwa yasiyo nayo, viungo vya seli vinaanza kufunguka kabla hujakaza.

Chembechembe:
Mzee, asante sana. Mimi naosha kwa yasiyo na kalsiamu kila siku.

MtuWaGeli:
Hayo ya tripsini ndiyo yananifanya nipende mkia. Sehemu ya nje ikikatwa, kloni 36 bado inakuonyesha kipande kilichobaki, kwa hiyo unajua protini ilikuwepo.

Dada_Hadubini:
Hiyo ni hoja nzuri, kaka, ila ni kwa westani.

Kingamwili_Sungura:
Mbona hakuna aliyetaja 24E10? Ni monokloni ya sungura, inashika mkia, inatambua ya binadamu na ya panya mdogo. Sungura kwenye tishu ya panya mdogo haina usumbufu wowote wa kingamwili ya pili. Kwa hadubini, westani na vipande vya tishu, kichupa kimoja kinatosha.

Pia tuache kutegemea haibridoma za zamani, yaani seli zilizounganishwa ili zitoe kingamwili. Mbinu ya Köhler na Milstein ya 1975 ya kuzitengeneza ilibadilisha maabara zote, sikatai, lakini seli hizo huweza kupoteza jeni au kutoa mnyororo mwepesi (kipande cha kingamwili) wa ziada. Kingamwili inayotengenezwa kutokana na mfuatano wa jeni unaojulikana haibadiliki kutoka bechi hadi bechi.

Ngozi_na_Seli:
Haibadiliki, lakini inaweza kuwa mbaya vile vile kila bechi. Kujua mfuatano siyo kujua inashika nini. Kontroli ni lazima. Seli L za panya mdogo hazina E-kadherini, ziweke pembeni kila unapopaka. Ukiweza kupata seli ulizoondoa Cdh1, jeni la E-kadherini, hapo hakuna wa kukubishia.

Kingamwili_Sungura:
Kontroli sijaikataa popote. Nimesema bechi.

Chembechembe:
Nilikuwa nimeelekea 24E10. Ila leo msimamizi ameongeza kwamba baadaye tutataka kuzuia seli zisishikane, tuone zitahamaje.

Mzee_Tripsini:
Hilo ungelisema mwanzo! 24E10 haitazuia kitu, inashika ndani. DECMA-1 inazuia. Hiyo ndiyo iliyotumika miaka ya 1980, protini ikiitwa uvomorulini, na seli za MDCK za figo ya mbwa zilizokuwa zimeshikana zikaachana. Lakini kwa seli hai nunua isiyo na kihifadhi cha sodiamu azidi. Azidi inaua seli, nawe utasema ni kingamwili imefanya kazi. Na weka kontroli ya IgG1 ya panya mkubwa, yaani kingamwili ya aina ile ile isiyoshika E-kadherini, kiasi kile kile.

Dada_Hadubini:
Zikianza kuhama utataka kuangalia pia integrini beta 1, protini inayoishikiza seli kwenye kitu kilicho chini yake. Kwa panya mdogo kuna 9EG7, inashika integrini iliyoamka tu.

Chembechembe:
9EG7 nayo ni ya panya mkubwa? Nikiipaka pamoja na DECMA-1 nitazitofautishaje?

Ngozi_na_Seli:
Ndiyo, ni ya panya mkubwa. Moja wapo itabidi ununue iliyounganishwa rangi moja kwa moja.

MtuWaGeli:
Au E-kadherini uifanyie westani kwa kloni 36.

Chembechembe:
Kichupa ni kimoja, wakuu. Kuna aliyewahi kutumia DECMA-1 kwa kuzuia na kwa westani kutoka kichupa hicho hicho kisicho na azidi? Kinakaa muda gani kwenye friji kabla hakijaota vijidudu?