Fundo gani la kuungia amari (kamba ya nanga) litakaza usiku kucha na asubuhi lifunguke bila kisu?

Mwenye mashua, Shangani, Mtwara

Ndugu zangu, habari za jioni. Nina mashua ya futi 22 ambayo hulala kwenye nanga mbele ya Shangani. Amari yake ni kamba ya nailoni ya milimita 12 iliyokuwa na urefu wa mita 30, ambayo msimu huu wa kusi haitoshi, kwa kuwa siku za bamvua, yaani za maji makubwa, maji hupanda zaidi ya mita 3 kutoka yalipokupwa, kamba husimama karibu wima na nanga huanza kukokota. Kwa hiyo kila jioni huiongezea kipande cha kamba ya plastiki ya milimita 8, ile ya buluu inayoelea, na asubuhi hukitoa kwa sababu nakihitaji kwenye kazi nyingine.

Fundo ninalotumia ni lile la kufungia vifurushi, kulia juu ya kushoto kisha kushoto juu ya kulia, nami kwa hofu huongeza mafundo mengine mawili juu yake. Wiki iliyopita lilijikaza hata bisibisi haikupenya, nikalikata. Hiyo ilikuwa mara ya tatu, na sasa amari imebaki mita 27. Naomba kufahamishwa fundo ambalo halitaniachia mashua usiku na wala halitanilazimisha kukata kamba asubuhi.

Fundi wa nyavu, Mikindani

Ndugu, fundo hilo ni la kufungia kitu kilichobanwa, kama mdomo wa gunia au kifurushi, ambapo mzigo wenyewe hulisukuma na kulituliza. Halikukusudiwa kuunga kamba mbili zinazovutana. Ncha yake moja ikishtuliwa kwa upande, upande huo hunyooka na upande wa pili huteleza juu yake, na kamba zikitofautiana unene jambo hilo hutokea upesi zaidi. Hayo mafundo mawili ya hofu ndiyo yaliyokuzuilia mashua, na ndiyo hayo hayo yaliyokugharimu mita 3.

Fundo unalolitafuta huenda unalijua tayari bila kujua kwamba unalijua, maana ni lile lile tunalofunga kwenye kila jicho la wavu. Kunja ncha ya kamba nene irudi sambamba na mwili wake, yaani sehemu inayobeba mzigo. Ingiza ncha ya kamba nyembamba ndani ya mkunjo huo kutoka chini, izungushe nyuma ya miguu yote miwili ya mkunjo, kisha ipitishe chini ya yenyewe pale ilipotokea, bila kuiingiza tena ndani ya mkunjo. Kwa kuwa kamba yako nyembamba ni ya plastiki nayo huteleza, izungushe mara mbili kabla ya kuipitisha. Hakikisha ncha zote mbili zimetokea upande mmoja, kwani zikipishana fundo hupungua uimara. Ncha uziache ndefu, kama mara 12 ya unene wa kamba.

Kulifungua ni kazi ya kidole gumba: sukuma kichwa cha mkunjo, na fundo zima hulegea.

Nahodha mstaafu, Kilwa Kivinje

Nakubaliana na fundi kuhusu fundo la vifurushi, lakini kuhusu amari nina neno. Fundo la wavu ni zuri maadamu kamba imevutwa. Wavu uliokwisha kazwa haulegei, lakini amari hulegea na kushtuka usiku kucha, hasa maji yanapogeuka na mashua kuzunguka, na katika kulegea huko fundo hilo hujifungua kidogo kidogo, hata likizungushwa mara mbili. Mimi nisingelala usingizi nikiwa nimeitundika mashua yangu juu yake, isipokuwa ncha zake ziwe zimefungwa kwa uzi imara kwenye miili ya kamba.

Kama utaendelea na kamba hizo mbili zisizolingana, tengeneza kitanzi kisichoteleza kwenye ncha ya kila kamba, kile ambacho mabaharia wengi hutumia kufungia kwenye gati: ncha hupanda kupitia pete ndogo iliyokunjwa kwenye mwili wa kamba, huzunguka mwili wa kamba, kisha hurudi kupitia pete ile ile. Kitanzi cha pili ukitengeneze kikiwa kimepita ndani ya cha kwanza. Utaona kwamba hata baada ya kuvutwa sana kila kitanzi hufunguka kwa kuvunja shingo yake, yaani kusukuma mkunjo unaokumbatia mwili wa kamba. Ubaya wake ni kwamba kamba husagana na kamba mahali pamoja, kwa hiyo pakague kila asubuhi.

Lakini kwa nini uendelee na milimita 8? Fundo lolote hupunguza nguvu ya kamba, mara nyingi kwa theluthi moja hadi nusu, na wewe unaipunguzia nguvu kamba iliyo dhaifu tayari. Isitoshe, kamba inayoelea hukaa juu ya maji inapolegea, na boti ya mashine ikipita gizani panga la mashine yake litaikata. Nunua nailoni ya milimita 12 kama ile ya kwanza, kisha tumia fundo linaloitwa Zeppelin. Kamba moja ikunje kama tarakimu 6, ncha ikiwa juu ya mwili wake. Nyingine ikunje kama tarakimu 9, ncha ikiwa chini ya mwili wake. Laza 6 juu ya 9 ili matundu yalingane. Ncha ya 6 izunguke kwa nje, ipite chini na kupanda kupitia matundu yote mawili. Ncha ya 9 izunguke juu na kushuka kupitia matundu hayo hayo. Vuta ncha kwanza, kisha miili. Halijikazi kupita kiasi wala halilegei kwa kutikiswa, na sijaona jingine linalounganisha sifa hizo mbili vizuri kama hilo.

Mjukuu wa mkata mkonge, Lindi

Shikamoo nahodha. Naongeza jambo dogo tu kwa wanaotumia kamba za mkonge, ambazo huku kwetu bado zipo: mkonge ukilowa huvimba, na fundo lililofungwa likiwa kavu litakuwa gumu maradufu asubuhi. Babu alikuwa akiilowesha kamba kwanza ndipo aifunge.

Mwenye mashua, Shangani, Mtwara

Nashukuru wote, na nahodha, shikamoo. Nimenunua mita 15 za nailoni ya milimita 12 na nimelijaribu hilo la 6 na 9. Mara ya kwanza nilipitisha ncha zote mbili kutoka upande mmoja, nikapata kitu kilichofanana na fundo lakini kikateleza nilipokivuta kwenye mnazi. Mara ya pili nilifuata maelezo neno kwa neno. Limelala majini usiku mbili za bamvua, upepo ukiwa mkali, na asubuhi zote mbili nimelifungua kwa vidole, mikono ikiwa imelowa.

Tatizo moja limebaki. Fundo ni nene, halipiti kwenye tundu la omo, yaani mbele ya mashua, ninapovuta nanga.

Nahodha mstaafu, Kilwa Kivinje

Marahaba. Kipande cha nyongeza kiwe upande wa mashua, sio upande wa nanga. Ukianza kuvuta, fundo litafika omoni mapema. Simama hapo, chukua amari chini ya fundo uizungushe kwenye kigingi ili ishike mzigo, fungua fundo likiwa limelegea mkononi, weka kando kipande chako, kisha endelea kuvuta.