Pikapu ya kuvuta tela Kitonga: dizeli 2.8 au petroli 2.7?

Mjenzi_Msamvu
Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kuvuta mzigo kwa mikono yao wenyewe. Nafanya ujenzi mdogo mdogo. Nyumbani ni Morogoro, ila siku hizi kazi nyingi napata Iringa na Mafinga, na njiani lazima nipande mlima wa Kitonga. Nina tela la ekseli mbili linalobeba mashine ya zege, jenereta, vibreta na mbao za fomu. Kila safari nakodi kenta, na hiyo hela inaniuma kweli.

Nimepata Hilux mbili, zote dabo kebini na gia za mkono. Moja petroli 2.7, nyingine dizeli 2.8. Umri ni ule ule, kilomita zinakaribiana, ila dizeli imezidi kwa milioni 14. Swali langu: hizo milioni 14 zitarudi? Kwa makadirio yangu tela likijaa ni kama tani moja na robo. Safari ni mbili, wakati mwingine tatu kwa mwezi.

Tairi_Sita
Mkuu, Kitonga nimeipanda na tela kwa gari zote mbili, nakueleza nilichokiona.

Petroli 2.7 ni injini ngumu, siisemi vibaya. Lakini nguvu yake ya kuvuta ni Nm 245, na inaipata ikifika mizunguko 4,000 kwa dakika. Maana yake ukitoka Ruaha Mbuyuni ukaanza kupanda, unakaa gia ya pili mguu umezama, injini inalia hadi abiria anakuuliza kama kuna shida. Na Kitonga huwezi kupanda kwa mwendo wako. Mbele kuna semi imejaza mzigo wa Tunduma inatambaa, nafasi ya kulipita hakuna, unasimama nyuma yake kwenye kona. Sasa anza kuondoka hapo na tela nyuma. Unapandisha mizunguko, unaachia klachi taratibu, na harufu ya klachi inaingia ndani ya kebini. Ukifanya hivyo mara nne kwa safari moja, hesabu klachi mpya mapema.

Dizeli 2.8 ya gia za mkono ina Nm 420, na zinaanza chini kabisa, kama mizunguko 1,400. Unaachia klachi karibu bila mafuta na gari inaondoka. Kwa mlima ule sina maneno mengi: dizeli.

MamaKisima
Kaka Mjenzi, mimi nakuomba uangalie upande wa pili. Nachimba visima vijijini huko Singida na nilikuwa na dizeli ya kisasa. Kuvuta ilivuta, Mungu ni shahidi. Kilichoniumiza ni mafuta. Tulikuwa mbali na kituo, dereva akanunua dizeli ya kwenye pipa kwa muuzaji wa kijijini. Siku ya tatu gari ikaanza kugonga na kutoa moshi mweupe. Nozeli zote nne, zile za kunyunyizia mafuta ndani ya injini, zikaenda, na bei ya nozeli nne ilitosha kunilipia vibarua mwezi mzima.

Hizi dizeli za sasa zinasukuma mafuta kwa presha kubwa mno, na nozeli zake zina matundu membamba sana, kama unywele. Maji kidogo au vumbi kidogo vinatosha kuziua. Dizeli za zamani zilikuwa zinavumilia, hizi hazivumilii. Sasa natumia petroli 2.7, na kwa kazi yangu ya tambarare inanitosha. Inakula mafuta, sifichi, lakini fundi yeyote anaijua.

Ukichukua dizeli, jaza kituo kimoja unachokiamini, na chujio la dizeli badilisha kabla ya muda wake. Chini ya chujio kuna sehemu ya kukusanya maji, mwambie dereva aifungue na kumwaga. Taa ya maji ikiwaka kwenye dashibodi, simama hapo hapo.

MaziwaKinangop
Salamu kutoka Kenya. Mimi huvuta trela la maziwa na wakati mwingine ndama, kutoka Kinangop hadi Naivasha na kurudi. Jambo ambalo sijaona likitajwa hapa ni mwinuko. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda juu ya usawa wa bahari, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Huku kwetu tuko karibu mita 2,500, kwa hivyo petroli ya kawaida imeshapoteza kama robo kabla hujafunga trela. Turbo ya dizeli inasukuma hewa, ndiyo maana haichoki vile. Mafinga nasikia pia iko juu, kwa hivyo hesabu hiyo inakuhusu.

Lingine, uliza dizeli hiyo ilitoka wapi. Kama ililetwa ikiwa imetumika Uingereza, huenda ina chujio la masizi kwenye ekzosti. Hilo linataka safari ndefu ili lijichome na kujisafisha. Ukiitumia siku nzima kwa safari fupi za mjini, linaziba.

Fundi_Springi
Ndugu zangu, mnabishana injini wakati mwenye mada hajasema jambo la kwanza. Mkuu, tela lako lina breki? Na hiyo tani moja na robo umeipima au umeikisia?

Nauliza kwa sababu karibu pikapu zote kiwanda kinaruhusu kilo 750 tu kwa tela lisilo na breki zake. Likiwa na breki ndipo petroli 2.7 inafika kilo 2,500 hivi, na dizeli 2.8 kilo 3,200 hadi 3,500 kutegemea toleo. Soma kitabu cha gari yenyewe unayonunua, na uhakikishe huku yake (ndoano ya kuvutia tela) imewekwa ya kiwango hicho.

Kupanda Kitonga kutakuchosha, lakini kinachoua ni kushuka. Na hapa petroli ina kitu chake: ukiachia mguu, throto (mlango wa hewa ya injini) inafunga, injini inahangaika kuvuta hewa na inakushika vizuri. Dizeli inashika kidogo zaidi ya kuteleza tu, kwa hiyo ingia gia ya chini kabla mteremko haujaanza, usisubiri gari ichanganye. Ukikanyaga breki mfululizo zitapata moto na pedeli itazama hadi chini. Niliwahi kupokea gereji pikapu iliyoshuka hivyo, diski zimegeuka rangi ya bluu.

Jenereta ikae mbele ya ekseli za tela, siyo nyuma. Karibu asilimia 10 ya uzito ulale kwenye huku. Uzito ukikaa nyuma, tela litaanza kuyumba ukifika kilomita 80 kwa saa, na likishaanza ni vigumu kulirudisha.

Mjenzi_Msamvu
Wakuu nimerudi. Fundi, maneno yako yalininyima usingizi. Jana nimepakia kila kitu kama ninavyosafiri, nikaenda kwenye mizani ya mfanyabiashara wa mahindi hapa mjini. Tela limesoma kilo 1,860. Breki halina.

Nimeamua hivi. Dizeli nachukua, ila muuzaji amekubali nimpeleke fundi wa nozeli azipime kwanza kwenye mashine, na gari ni ya soko la Afrika, chujio la masizi haina. Kwa petroli ningebaki na hela, lakini kwa kilo hizo na mlima ule naona ningeiua. Kununua gari nitaliahirisha mwezi mmoja, kwanza nifunge breki za tela. Fundi_Springi, ekseli zangu ni za kuunga, za pikapu ya zamani. Zile breki za pale kwenye huku, zinazojikaza zenyewe tela likisukuma gari, zitakubali kufungwa, au ninunue ekseli nyingine?

Fundi_Springi
Kama habu zake (vitovu vya magurudumu) bado zina ngoma na viatu vya breki, zinakubali, unaongeza kichwa cha huku chenye springi na waya wa kuvuta. Kama walizikata wakati wa kuunga, nunua ekseli nyingine. Piga picha nyuma ya tairi, uweke hapa nizione.